Kabla ya filimbi, ulizeni mnatumia kitabu gani cha sheria

Tulikuwa timu nne za hoki ya barafu, kila moja ikacheza mechi tatu, hapa Nairobi kwenye barafu ya Panari, Mombasa Road. Timu yetu ilishinda mbili ndani ya muda wa kawaida, ikapoteza moja katika muda wa ziada. Wageni wetu, wengi wao wakiwa wamekulia Kanada, walishinda zote tatu, lakini kila mara katika muda wa ziada. Mabingwa ni nani?

Kwa hesabu ya shirikisho la kimataifa, IIHF, ushindi wa kawaida ni pointi 3, wa muda wa ziada 2, na anayeshindwa katika muda huo hupata 1. Basi sisi tulikuwa na 7, wao 6. Kwa hesabu ya NHL, ligi ya Amerika Kaskazini, kila ushindi ni pointi 2 haidhuru umepatikana lini, na anayepoteza muda wa ziada hupata 1. Hapo wao 6, sisi 5. Tulibishana hadi muda wa barafu tuliolipia ukaisha, watoto waliokuwa wakingoja zamu yao wakarudi nyumbani bila kuteleza. Hilo bado linaniuma, kwa sababu mimi ndiye niliyeandaa mashindano yale na sikuandika lolote mapema.

Ndiyo maana leo nawasihi wanaoanzisha timu: msidhani hoki ya barafu ina sheria moja. NHL hujitungia zake: kamati ya wachezaji na klabu hupendekeza, kisha bodi ya wamiliki huidhinisha. Ligi ya wanawake, PWHL, ina sheria ninayoipenda sana: timu iliyopungukiwa mchezaji kwa adhabu ndogo ikifunga bao, mwenzao anayekaa nje kwa adhabu hiyo hurudi mchezoni mara moja. Ngumi nazo? Kule NHL, kwa kawaida wanaopigana hukaa nje dakika 5 na kurudi. Kwenye mechi za IIHF hutolewa mchezoni. Kenya iliingia IIHF kama mwanachama mshiriki mwaka 2024, kwa hiyo anayeota kuvaa jezi ya taifa aanze na kitabu cha sheria cha IIHF.

Sheria ya kuotea ndiyo inayowachanganya wachezaji wapya kuliko zote, nami siku hizi siifundishi bila kisa chake. Msimu wa 1929–30, NHL iliruhusu pasi za mbele kila sehemu ya uwanja. Washambuliaji wakaenda kupiga kambi mbele ya kipa wakisubiri kuletewa paki, kile kisahani cha mpira kinachochezewa, na mabao yakamiminika. Kufikia Desemba 1929 ligi ikaamua kwamba mshambuliaji asivuke mstari wa buluu, unaoanzia eneo la wapinzani, kabla ya paki. Nikishamweleza mtoto hivyo, haoni tena ule mstari kama mtego wa refa. Anajua unamlinda nani.

Uwanja wetu ni mdogo kuliko ule wa kimataifa wa mita 60, kwa hiyo lazima mpunguze mambo. Punguzeni wachezaji, fupisheni vipindi, lakini kubalianeni mbele ya makapteni wote na mwandike kwenye karatasi: pointi, muda wa ziada, adhabu za ngumi, na kama kupigana vikumbo kunaruhusiwa. Kwa watoto mimi nimekataza vikumbo kabisa.

Kinga ya shingo, hata hivyo, si ya kupigiwa kura. Oktoba 2023 mchezaji Adam Johnson alikatwa shingoni na chuma cha kiatu cha kuteleza katika mechi mjini Sheffield, Uingereza, akafa. Baada ya hapo IIHF iliifanya kinga hiyo kuwa lazima kwenye mashindano yake yote. Mchezaji akija kwangu bila hiyo, hata awe mkali kiasi gani, anakaa benchi. Nina mbili za ziada kwenye mkoba wangu, mje muazime.