Huamini, na nyumbani wanataka upokee kipaimara

Mdogo wangu, umesema una miaka 17, ukisali unaona unaongea peke yako, na wazee wanataka usimame mbele ya kanisa upokee kipaimara. Unauliza useme ukweli au uigize. Nimepita humo, tena baba yangu akiwa mzee wa kanisa.

Kabla ya yote, tenganisha shaka yenyewe na hofu ya watu. Kaa mahali ambapo hakuna anayekukagua, ujiulize ni kipi hasa kinachokusumbua. Ni mateso ya wasio na hatia? Ni miujiza? Au ni yule anayehubiri asichotenda? Hayo hayana dawa moja. Langu mimi lilikuwa mateso. Mdogo wetu aliugua, tukakesha tukimwombea, akafariki, halafu mtu akatuambia imani yetu ilikuwa haba. Maneno yale sijayasamehe hadi leo.

Wanaosema shaka ni ya shetani warudie kusoma wanachohubiri. Katika Marko 9, baba wa mtoto mgonjwa anamwambia Yesu, "Naamini, nisaidie kutokuamini kwangu," na mtoto anaponywa. Katika Qur'ani, Al-Baqara aya ya 260, Ibrahimu anamwomba Mola amwonyeshe anavyofufua wafu, ili moyo wake utulie. Hakufukuzwa. Al-Ghazali, mwanachuoni mkubwa wa Kiislamu, alifika mahali pa kutilia shaka hata macho na akili yake, na mwaka 1095 aliacha kazi ya kufundisha Baghdad. Barua za Mama Teresa zilizochapishwa 2007 zinaonyesha miaka na miaka akisali bila kuhisi chochote. Sikutajii hao ili urudi kundini. Wapo ambao shaka iliwatoa wakatoka kabisa. Nawataja kwa sababu utaitwa mpotovu, na neno hilo linauma ukidhani uko peke yako.

Sasa, useme? Hapo angalia kwanza nani anakulipia ada na unalala kwa nani. Wazazi wa kufoka kisha wakatulia, waambie. Wazazi wa kukutupia begi nje, nyamaza mpaka upate pa kujishikiza, na asikuambie mtu kwamba huo ni unafiki.

Ila kipaimara siyo sawa na kukaa kimya, maana pale unaahidi kwa kinywa chako kuishika imani uliyobatiziwa. Mwone padre au mchungaji faraghani, mwambie, "Sijawa tayari, naomba nisubiri." Hujakana chochote. Kama kwenu ni Wakatoliki, kanuni ya 889 ya sheria za Kanisa inataka mpokeaji mwenye akili timamu awe ameandaliwa na aweze kurudia ahadi za ubatizo, kwa hiyo hoja yako wataielewa. Mimi nilisema hivyohivyo, na mchungaji mwenyewe ndiye aliyekwenda kuzungumza na baba. Baba alininunia. Mama akawa ananiachia Biblia mezani, imefunuliwa kwenye Zaburi. Nilizisoma, siku nyingine kwa ubishi tu, na baadhi zina malalamiko makali kuliko yangu.

Na mama yako usishindane naye kwa aya. Anachoogopa ni kwamba huko akhera hatakuona, na hofu hiyo huwezi kuijibu kwa hoja. Ukiweza, msindikize ibadani, keti naye. Akikuuliza, mwambie bado unatafuta.