Jibu: Amiga 500 na Atari ST, prosesa moja lakini michezo tofauti

Ndugu, umeuliza kwa nini Amiga 500 iliipiku Atari ST kwenye michezo, ilhali kompyuta hizi mbili za nyumbani za miaka ya 1980 zote zinatumia prosesa ile ile, Motorola 68000. Tena ya Atari ina kasi kidogo zaidi: megahezi 8, na ya Amiga 7 na ushei. Siri iko kwenye chipu za pembeni. Amiga ina blita ya kuhamisha picha na Paula ya kucheza sauti nne zilizorekodiwa, kwa hiyo prosesa inapumua. Rangi za kuchagua ni 4096. Za Atari 512 tu. Ila usiidharau Atari! Ilitoka na matundu ya MIDI (ya kuunganisha vinanda vya kielektroniki) tangu 1985, ndiyo maana wanamuziki waliing'ang'ania studioni. Kama unataka muziki, chukua hiyo.