Mbaazi Zisiishie Kwenye Mahamri

Ukitaja mbaazi hapa Nairobi, wengi huwaza mahamri ya asubuhi, basi. Kwangu ni kitoweo cha jioni, na mwisho wa mwezi ndiyo nyama yenyewe.

Gramu 100 za mbaazi kavu zina protini gramu 21 hivi na nyuzinyuzi gramu 15. Lakini usipige hesabu hiyo ukiwa na sahani mkononi: zikipikwa hunywa maji, na kiasi hicho hicho cha zilizoiva hubaki na protini gramu 7 tu. Kwa hiyo pakua za kutosha. Zina pia folati, ile ambayo wajawazito huhimizwa kliniki, na potasiamu nyingi. Mwenye ugonjwa wa figo amuulize daktari wake kwanza kwa sababu ya hiyo potasiamu.

Protini yake ina upungufu wa methionini ila imejaa lisini, vyote viwili vijenzi vya protini. Mahindi ni kinyume chake. Ndiyo maana muthokoi wa Ukambani, yaani mahindi yaliyokobolewa, uliochanganywa na mbaazi ni mlo kamili kuliko ugali na sukuma pekee. Wali pia unafaa.

Sasa nitawaudhi watu wa Pwani. Chai ya rangi na mbaazi haviendani. Chuma kilicho kwenye vyakula vya jamii ya kunde mwili hukifyonza kwa taabu kuliko cha nyama, na chai huzidi kukizuia. Kula mbaazi zako, kamulia ndimu au weka kachumbari ya nyanya, halafu chai isubiri kama saa moja hivi. Mwenye upungufu wa damu alizingatie hili hasa.

Nikinunua kwa gorogoro, lile kopo la kupimia, pale Nyamakima mjini, huingiza mkono mpaka chini ya gunia. Ukitoka na vumbi jeupe kama unga, au ukiona punje zenye vitundu, wadudu wameshakula, ondoka. Uliza pia kama ni za msimu huu. Mbaazi zilizokaa sana ghalani zitakumalizia gesi na bado zitagoma kuiva.

Ziroweke usiku kucha, mwaga yale maji, chemsha kwa maji mapya. Tumbo litakushukuru, na chuma hufyonzwa vizuri zaidi. Magadi mimi sitii: yanalainisha haraka, kweli, lakini yanaharibu vitamini B1. Chumvi ije mwishoni. Tui zito ni tamu, nani atabisha, ila mafuta yake ni mengi. Siku za kawaida tui jepesi linatosha, pamoja na kitunguu, bizari na pilipili mbuzi nzima isiyopasuliwa.

Mbaazi mbichi za Makueni na Kitui zikifika sokoni, usiroweke chochote. Zimenye, zitupie sufuriani na viazi na dhania. Zitakazobaki, ziponde kesho yake umpe mtoto.