Inveta inapasua transista kila ikiwashwa

SWALI: Ndugu Mhariri, nina mashine ya kukuna nazi yenye mota ya fezi tatu, hospawa moja, lakini umeme wangu ni wa fezi moja. Nimeunda inveta (kifaa cha kugeuza umeme wa fezi moja uwe wa fezi tatu) ya transista sita za IRF740 na IC tatu za IR2110 za kuziwasha na kuzizima. Kila nikiwasha, transista mbili zinapasuka papo hapo. Tatizo ni nini? – Msomaji, Tanga

JIBU: Ndugu msomaji, angalia kama zilizopasuka ni za jozi moja, yaani ya juu na ya chini zinazolisha waya mmoja wa mota. Kama ndivyo, ziliwaka kwa pamoja na umeme ukapita moja kwa moja bila kufika kwenye mota. IR2110 haikuwekei pengo la muda kati ya kuzima moja na kuwasha nyingine; liweke mwenyewe kwenye programu inayoziongoza IC, maikrosekunde 2 zinatosha.

Halafu IRF740 ni ya volti 400 tu. Umeme wa volti 230 ukipita kwenye briji ya dayodi na kapasita unafika volti 325, na transista inapozima, waya ndefu huirushia volti nyingi zaidi. Nunua IGBT (aina ya transista za volti kubwa) za volti 600, ampea 15 hadi 20, zenye dayodi ndani. Lehemu kapasita ya filamu ya maikrofaradi 0.47, volti 630, palepale miguuni mwa transista. Kapasita kubwa ya maikrofaradi 470 ya baada ya briji, ikiwa mbali, haiwahi kuzuia mruko huo wa volti.

Dayodi inayojaza kapasita ya upande wa juu (ile inayoipa IC umeme wa kuwasha transista ya juu) nayo huponza wengi. 1N4007 ipo kila duka, lakini inachelewa kufunga, na volti 325 zinarudi kwenye laini ya volti 15 inayolisha IC na kuziua. Weka UF4007. Kabla ya kuanza, programu iwashe transista za chini milisekunde 10 ili kapasita hizo zijae, la sivyo za juu haziwaki.

Kibao cha mota kikisema 230/400, funga delta (koili tatu kwa pembetatu), maana umeme wako ni wa volti 230.

Pima lile pengo la muda kwanza kwa volti 15 peke yake. Kisha unganisha umeme kupitia balbu ya waya (ya zamani, si ya LED) ya wati 100, bila mota: iwake kidogo, izime. Ikibaki inawaka, chomoa.

Tafadhali sana: hasi ya inveta hii ina umeme hai, usichomeke USB ya kompyuta. Funga rezista ya kiloomu 100, wati 3, sambamba na kapasita kubwa. Ukizima, subiri dakika 3, na upime volti kabla ya kugusa.