"Tunategemea utapona": mgonjwa naye abebeshwe?

SWALI: Shikamoo Mwalimu. Mimi ni katibu wa jumuiya ndogondogo huku Igoma, Mwanza. Kila Jumamosi tunatembelea wagonjwa, tunawapelekea matunda, sabuni na kadi. Kwenye kadi mimi huandika "Tunatumaini utapona." Mwenyekiti hataki. Anasema "tunatumaini" ni neno la mtu mwenye shaka, na Mkristo hapaswi kuwa na shaka; tuandike "Tunategemea utapona haraka." Nani kati yetu yuko sahihi?

JIBU: Marahaba, binti yangu. Wewe ndiye uliye sahihi. Ningeweza kuishia hapo, lakini umenitajia neno ambalo mimi na lenyewe tuna ugomvi wa miaka, kwa hiyo nivumilie.

Kutegemea ni kumtwisha mtu au kitu uzito wako. Mzee anategemea mkongojo, mtoto anategemea mama, na mkongojo ukivunjika mzee yuko chini. Siku hizi, hata hivyo, kila kitu kinategemewa. Mvua inategemewa kunyesha. Bei ya sato inategemewa kupanda. Mgeni rasmi anategemewa kufika saa nne (atafika saa saba, lakini hilo si la kamusi).

Juzijuzi gari la matangazo lilipita mtaani kwetu, kipaza sauti juu: "Marehemu ameacha mjane na watoto sita waliokuwa wakimtegemea. Marehemu anategemewa kuzikwa kesho saa nane mchana." Nilibaki nimeshika kikombe cha chai mlangoni. Masikini mtu yule! Maisha yake yote alitegemewa: unga yeye, ada yeye, kodi ya nyumba yeye. Sasa amefumba macho, na bado anategemewa. Hata kuzikwa kwenyewe tunamtegemea yeye! Je, akituangusha? Je, kesho saa nane ifike, tumeshachimba, wali umeiva, mtegemewa asitokee? Habari hii nimeisimulia mara nyingi mno, mpaka mke wangu amepiga marufuku isiletwe tena mezani. Lakini hakuna aliyenijibu swali langu: kuna ubaya gani kusema "atazikwa kesho saa nane"? Wakati ujao tunao, hatuulipii kodi. Anayetaka tahadhari aseme "anatarajiwa", tutaelewana.

Nenda Mwaloni, Kirumba, ukamsikilize mvuvi wa dagaa. Mbalamwezi ikiwa kali hapati kitu, kwa hiyo anahesabu siku na kutarajia usiku wa giza. Akishaingia ziwani anategemea taa, maana dagaa hufuata mwanga. Na kwamba watakuja, hilo analitumaini. Mtumbwi ni mmoja na usiku ni mmoja, lakini maneno ni matatu na hayagongani.

Au litazame daraja letu la Kigongo hadi Busisi. Ujenzi ulianza mwaka 2020, na miaka ile yote watu waliokuwa wakisubiri kivuko walikuwa wakilitarajia. Lilipofunguliwa mwaka 2025, kilomita 3 za zege juu ya ziwa, matarajio yakaisha na utegemezi ukaanza. Mtume Paulo angelielewa daraja hili. Katika Warumi 8, kwa Kiswahili cha Union Version ya mwaka 1952, anasema kitu kinachotarajiwa kikionekana, hakuna taraja tena.

Hapo nimejikwaa mwenyewe, na najua mwenyekiti wako ameshaliona kosa. Kama kutarajia ni kwa hesabu na kutumaini ni kwa moyo, mbona Paulo anaongelea wokovu kwa neno "taraja"? Mbona Waebrania 11 inasema imani ni kuwa na hakika ya mambo "yatarajiwayo"? Nakiri, wafasiri wale walitumia maneno yote mawili kwa neno lile lile moja la Kigiriki, elpis, na hawakukosea. Tarajia limetoka Kiarabuni likiwa na maana ya kutumaini kabisa. Ni sisi tuliolipeleka ofisini likageuka la ratiba. Tumaini nalo limetokana na neno la Kiarabu la utulivu, la moyo uliotua. Kwa hiyo neno lenyewe halina shaka hata chembe. Shaka tumeitia sisi, kwa zile barua za "natumaini hujambo, nami ni mzima," zilizoandikwa na watu ambao wala hawakuwa wakiwaza kama hujambo. Hapo mwenyekiti ana robo ya hoja. Mpe robo yake.

Lakini dawa ya tumaini lililochakaa si kumtwisha mgonjwa mzigo. Hebu mwone mgonjwa akiisoma kadi kitandani, dripu mkononi: "Tunategemea utapona haraka." Yaani watu ishirini wa Igoma wamemwegemea! Asipopona haraka amewaangusha jumuiya nzima, na matunda yao ameshayala. "Tunatarajia utapona" mwachieni daktari mwenye majibu ya vipimo. "Tunatumaini utapona" ni ya mtu aliyeketi kando ya kitanda, asiyejua yatakayokuja, na ambaye bado hajaondoka. Kwa Warumi 12 imeandikwa "kwa tumaini, mkifurahi", na mistari mitatu mbele ndipo wanapoambiwa walie pamoja nao waliao. Furaha na machozi vimewekwa karibu hivyo, na hakuna anayeambiwa amuharakishe mgonjwa.

Neno "haraka" nalo liondoeni. Na kwa kuwa nimeshakuwa mkali: mkifika wodini, mwenye kusimulia jirani yake aliyekufa kwa ugonjwa uleule abaki nje na sabuni. Hilo si suala la lugha, ila limenikera muda mrefu.

Mwenyekiti wako, natarajia, ataninunia. Nakutegemea wewe umtulize.