Viatu vya kasi msiviuze

SWALI: Mimi na wenzangu wawili hapa Morogoro tunatengeneza gemu la simu la mpira wa mtaani, watano kwa watano kupitia intaneti. Seva tunailipia kila mwezi kutoka mifukoni mwetu. Tumefikiria kuuza viatu vinavyoongeza kasi, au masanduku ya bahati, ambayo mchezaji analipia bila kujua kilichomo. Ipi itatuingizia pesa bila wachezaji kutuona wezi?

JIBU: Viatu vya kasi msiviuze, hata mkibanwa vipi. Katika gemu la wengi, asiyelipa si mzigo; ndiye mpinzani wa anayelipa. Itazameni mechi moja. Aliyenunua viatu anampita beki mara tatu, mara nne, na ya tano beki anazima simu. Kesho harudi. Nimewahi kufanya kazi kwenye kampuni iliyouza silaha kali kwa pesa. Kilichotuua hakikuwa malalamiko, ilikuwa foleni: waliolipa walisubiri mechi muda mrefu kwa sababu wa kuwafunga walishaondoka.

Hata wakubwa wameungua hapo. Mwaka 2017 wachezaji wa Star Wars Battlefront II walipiga hesabu ya saa zinazohitajika kumpata mhusika Darth Vader, wakachachamaa, na EA, kampuni yenye gemu hilo, ikasimamisha mauzo ya ndani ya gemu kabla tu halijatoka rasmi.

Masanduku ya bahati nayo yaacheni. Tume ya michezo ya kubahatisha ya Ubelgiji ilitamka mwaka 2018 kwamba yale yanayolipiwa ni kamari. Mkitangaza kwamba kitu adimu kina nafasi ya asilimia 1, mchezaji anadhani akifungua masanduku 100 hakikosi. Zidisheni 0.99 kwa yenyewe mara 100 mtapata 0.37 hivi: kati ya watu 100 waliofungua masanduku 100 kila mmoja, kama 37 wanatoka mikono mitupu. Na wengine ni watoto walioshika simu ya mama.

Uzeni mwonekano: jezi, rangi za viatu, mitindo ya kushangilia bao. Dota 2 inampa kila mchezaji mashujaa wote bure na kuuza mavazi yao. Tiketi ya msimu, yaani mchezaji analipa mara moja kisha anafungua zawadi kadiri anavyocheza, pia inafaa, ila isiishe muda. Halo Infinite ilithibitisha kwamba inawezekana, ukishainunua unaimaliza kwa nafasi yako. Bei iandikeni kwa shilingi. Kuuza almasi, yaani pesa ya ndani ya gemu, kwa mafungu ya 500 huku jezi ikigharimu 650 ni kumlazimisha mtu anunue asichohitaji, na mchezaji anakiona hicho.

Ada ya mwezi, kama World of Warcraft inavyotoza tangu 2004, ni njia safi, lakini kwa watu wanaonunua bando la siku ni ngumu. Ningejaribu chumba cha ligi: nahodha analipia wiki moja, wenzake wote wanacheza bure humo, na mnapata pesa ya kile hasa kinachowagharimu, yaani seva.

Kabla ya kuweka bidhaa yoyote dukani, mmoja wenu achukue akaunti yenye kila kitu, mwingine isiyo na kitu. Chezeni mechi 20, kisha mbadilishane akaunti mcheze 20 nyingine. Ushindi ukihama pamoja na akaunti, bidhaa hiyo iondoeni.