Usikubali themostati itolewe kabla fundi hajakuonyesha kuwa ni mbovu

Mkuu, mzuie huyo fundi leo. Umeandika kuwa Toyota IST yako inapandisha joto ukikaa kwenye foleni ya Barabara ya Mandela, kwamba fundi amekushauri aitoe themostati, ile vali inayofungua na kufunga njia ya maji ya kupoza injini kulingana na joto, kwa sababu eti nchi yetu ni ya joto, kwamba anataka kuiunga feni moja kwa moja na swichi ya ufunguo, na kwamba mwisho wa wiki unaipeleka familia Njombe. Umeuliza pia kuhusu shokapu zinazogonga na kama ubadilishe oili kabla ya safari. Hayo yatasubiri. Hili la themostati halisubiri, kwa sababu maneno uliyoambiwa ndiyo niliyoambiwa mimi, karibu neno kwa neno, na gari langu likaishia kuvutwa kutoka mlima Kitonga, kwenye barabara hiyo hiyo ya kwenda Njombe.

Toyota Premio yangu yenye injini ya 1ZZ-FE ilikuwa na dalili hizo hizo: mshale wa joto ulipanda kwenye foleni na kushuka mara tu nilipopata barabara iliyo wazi. Dalili hiyo peke yake ingetosha kumpeleka fundi mwenye ujuzi kwenye feni, kwa kuwa gari likienda kasi hewa hupita yenyewe kwenye rejeta, ilhali likisimama linategemea feni tu. Yule niliyempelekea hakupima feni, hakuigusa rilei yake, yaani swichi ya umeme inayoiwasha, wala hakufungua mfuniko wa rejeta injini ikiwa imepoa ili aone hali ya maji. Alifungua nyumba ya themostati, akaitoa na kuitupa kwenye debe la vyuma chakavu, kisha akaifunga nyumba hiyo ikiwa tupu, kwa gasketi meka, ile gundi ya kuzibia, nyingi kiasi kwamba baadaye vipande vyake vilikutwa ndani ya njia za maji. Akavuta waya mwembamba kutoka kwenye swichi hadi kwenye feni bila kuweka fyuzi. Akamwaga kulanti yote, yaani maji maalumu ya kupozea injini, na kujaza maji ya kisima. Bamba la plastiki la chini ya injini, ambalo husaidia kuielekeza hewa kwenye rejeta, hakulirudisha kabisa, akidai kuwa linamsumbua akitaka kufungua oili. Kwa wiki kadhaa mshale haukupanda, naye akaniambia kuwa huo ndio ushahidi kwamba kifaa kile hakikuhitajika.

Haukuwa ushahidi wa chochote. Themostati ya injini ile huanza kufunguka maji yanapofika nyuzi 80 hadi 84 za Selsiasi, na kazi yake ni kuiweka injini katika joto ambalo wahandisi waliikusudia ifanyie kazi. Hoja ya nchi ya joto haina msingi, maana hata Dar es Salaam ikifika nyuzi 33, hewa hiyo bado iko chini ya kiwango hicho kwa takriban nyuzi 50. Injini isiyofikia joto lake huifanya kompyuta ya gari iendelee kuongeza petroli kana kwamba gari limewashwa alfajiri, na oili haipati joto la kutosha kukausha unyevu na petroli inayopenya ndani yake. Magari mengi yana hata msimbo wa hitilafu, P0128, wa kuripoti kuwa maji hayafikii joto la themostati. Waliotengeneza gari wanaliita hilo hitilafu. Huku mtaani tunalipa fedha ili tufanyiwe.

Hata hivyo, petroli ni hasara ndogo. Jambo linaloniuma zaidi, kwa kuwa hakuna fundi hata mmoja aliyenieleza kabla injini haijaharibika, ni kwamba katika injini nyingi za Toyota themostati ina vali mbili kwenye mhimili mmoja. Vali kubwa inapofungua njia ya maji yaliyopoa kutoka kwenye rejeta, ile ndogo ya upande wa pili huziba njia ya mkato ambayo huyarudisha maji ya moto kwenye injini bila kupita kwenye rejeta. Ukiitoa themostati, njia ya mkato hubaki wazi siku zote, na sehemu ya maji inazunguka humo humo bila kupozwa. Kwenye tambarare, ukiwa na mwendo mzuri, hutaona tofauti, na huenda mshale ukawa chini kuliko kawaida. Ukianza kupanda mlima nyuma ya malori, gia ikiwa ya chini, injini ikifanya kazi nzito na upepo ukiwa haba, ndipo upungufu huo unapojitokeza wote kwa pamoja.

Ndivyo ilivyokuwa. Tulipita Ruaha Mbuyuni mshale ukiwa umetulia, na kabla hatujaumaliza mlima wa Kitonga ulikuwa umegonga juu, mvuke ukitoka chini ya boneti. Feni ilikuwa imekwisha kuungua siku nyingi, pamoja na waya wake, kwa sababu ilizungushwa mfululizo bila ulinzi wowote, na barabara kuu iliuficha ubovu huo kwa upepo wake. Rejeta ilikuwa imejaa kutu na chumvi ya kisima. Mfuniko wa rejeta ulikuwa umelegea, na huo ndio unaoongeza mgandamizo ili maji yasichemke kwenye nyuzi 100 bali karibu na 120. Mfuniko ukishindwa kazi, kule juu Iringa maji huchemka kwenye nyuzi 95 hivi. Silinda hedi ya aluminiamu, yaani sehemu ya juu ya injini, ilipinda, gasketi inayoizibia ikakatika, na oili ikachanganyika na maji ikawa kama chai ya maziwa.

Hasara haikuishia hapo. Fundi wa pili alibadilisha gasketi bila kuweka rula ya chuma juu ya hedi kuona kama imenyooka, ingawa kiwango kinachoruhusiwa kwenye injini hiyo ni sehemu ndogo mno, milimita 0.05, ambayo jicho haliwezi kuiona. Bolti za zamani alizirudisha bila kupima urefu wake, akazikaza kwa kukisia, akisema mkono wake umezoea. Bolti hizo hukazwa kwa mpangilio maalumu, kwanza kwa nguvu ya nyutoni mita 49, kisha kila moja huzungushwa nyuzi 90 zaidi, yaani robo ya mzunguko, na hakuna mkono uliozoea unaoweza kufanya hivyo sawasawa kwa bolti zote 10. Gasketi ile mpya ilikatika tena. Kufikia wakati nilipompata fundi mwenye spana ya kupimia nguvu na kitabu cha injini mezani pake, nilikuwa nimeshatumia zaidi ya shilingi milioni 2 kwa tatizo lililoanza na rilei ya feni.

Sina ugomvi na fundi wa chini ya mwembe. Huyo aliyeliokoa gari langu anafanyia kazi chini ya bati moja na mchomelea mageti, na ni mhandisi kuliko wengi wenye ofisi za vioo. Hasira yangu ni kwa mtu anayekuondolea kifaa asichojua kazi yake, kisha akakutoza fedha kwa ujasiri huo. Kanuni yangu ni moja na siilegezi kwa yeyote: kifaa hupimwa kwanza, na kikithibitika kuwa kibovu hubadilishwa kwa kingine cha aina yake, nafasi yake haiachwi tupu.

Kwa hiyo mwambie fundi wako apime mbele yako. Awashe injini na kiyoyozi, na kama feni haizunguki, aanze na fyuzi, rilei, soketi na mota. Aunganishe kifaa cha kusomea kompyuta ya gari ili uone joto halisi kwa namba, kwa sababu mshale wa magari mengi hubaki katikati hata joto likiwa limekwisha kupanda sana. Akiishuku themostati, aitumbukize kwenye sufuria ya maji jikoni pamoja na kipimajoto: inapaswa kuanza kufunguka karibu na nyuzi zilizochapwa juu yake, na kuwa wazi kabisa kabla maji hayajachemka. Apime pia mgandamizo wa mfumo na mfuniko wake. Baada ya kazi ajaze kulanti inayofaa Toyota, kisha atoe hewa yote iliyonaswa.

Kama ameshaitoa, idai mkononi leo kabla haijapotea kwenye debe, na usipokee gari mpaka hiyo, au nyingine kama ni mbovu, iwe imefungwa na waya wa feni umerudishwa kwenye rilei yake. Ikiwa kufikia Ijumaa feni haiwaki yenyewe injini inapopata joto, nunua tiketi za basi, mwende Njombe na familia, na gari libaki Dar.